Mwalimu wa Hesabu Aliyesifiwa kwa Chai

Habari za kifo chake nilizipata dukani kwa baba, Katesh, siku ya kushusha chumvi. Nilikuwa nyumbani kwa likizo. Dereva wa lori lililotoka Mbulu alikuwa ameegemea kaunta akinywa maji na kumpa baba habari za barabara, wapi pamekatika na wapi panapitika kwa shida, kisha akasema, kama mtu aliyekumbuka salamu alizotumwa: "Halafu, mzee, yule mwalimu wenu wa chai amefariki. Kichomi. Kesho kutwa wanamzika kwao Nambis." Baba akasema innalillahi. Mimi nilikuwa nyuma ya magunia na ufagio mkononi. Nikauliza, na ninyi mnaonijua mnajua kwamba kuuliza kwangu mbele ya mtu mzima si jambo jepesi: "Shikamoo. Mwalimu gani wa chai?" Dereva akanitazama kwa mshangao. "Marahaba, binti. Si yule mama wa pale shuleni. Aliyekuwa akiwapikia walimu chai." Akanywa maji yake yote akarudi kwenye lori.

Wasomaji wa ukurasa huu wa nyuma wa gazeti la shule yetu mmezoea nikiwaandikia habari za uji wenye mabonge na kengele inayoliwahi jua. Leo mniwie radhi. Leo nina hasira, na hasira yangu haina pa kwenda isipokuwa hapa, maana mdomoni hainitoki. Yule mama hakuwa mwalimu wa chai. Alikuwa mwalimu wa hesabu, darasa la saba, katika shule ya kati niliyosoma kabla ya kuja kwenu huku. Simtaji jina, wala simtaji mtu mwingine yeyote. Wanaohusika watajijua, na wasipojijua hilo nalo ni jibu.

Alikuwa mwanamke pekee kati ya walimu wa shule ile. Ametoka Nambis, juu kule kwenye baridi ambako ukungu hauondoki mashambani mpaka jua limekomaa, akapangiwa kwetu chini, kwenye vumbi la uwanda. Mume wake alikuwa na kazi ya kufyeka mapori yenye mbung'o, hivyo mara nyingi hakuwepo. Kama umewahi kufundishwa hesabu za sehemu na mtu asiyezipenda, utajua kwa nini nazungumza habari zake hivi. Yeye alizipenda. Alichora ubaoni shamba la Nambis, akasema baba amekufa, shamba ligawanywe kwa wana wanne, wa kwanza apate theluthi, wa pili robo, haya, waliobaki wawili wapate nini? Siku moja msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, hawa ndugu hawana dada?" Akajibu bila kugeuka, chaki ikiendelea kulia ubaoni: "Wanaye. Ndiye anayelilima." Darasa zima tukacheka. Mimi nilicheka pia, sikuwa nimeelewa.

Lakini hesabu zake nyingi hazikufika mwisho. Tukiwa katikati, mlango unagongwa, mvulana aliyetumwa anachungulia: "Mwalimu, unaitwa ofisini. Kuna wageni." Kuna wageni maana yake kuna chai. Aliweka chaki juu ya ubao, akatuambia neno moja, "Msifute," akatoka. Tulikaa tukilitazama shamba lenye wana wawili wasiojua fungu lao. Kabla hajarudi, kengele imelia, mwalimu wa jiografia ameingia na dasta, shamba limekwisha. Kesho yake alianza upya, kwa sauti ile ile, na sisi wanafunzi wajinga tulinung'unika kwamba mwalimu huyu anarudia rudia.

Si chai peke yake. Jezi za mpira zikichafuka, apelekewe yeye, maana mwanamke anajua sabuni. Bendera ikichanika kwa upepo wa mlima Hanang, aishone yeye, maana mwanamke ana sindano. Mvulana wa bwenini akitapika, aitwe yeye, ingawa bwenini kuna mwalimu wa zamu ambaye kazi yake ni hiyo hiyo. Mkutano wa walimu ukifanyika, yeye ndiye wa kusimama kila mara kuzungusha birika, kwa hiyo mambo mengi yaliamuliwa akiwa amewapa mgongo. Na hawakuwa wakali! Hapo ndipo panaponiuma. Wangekuwa wakali angejua la kufanya. Walikuwa wapole mno. "Mikono ya mama huyu ina baraka," alisema mwalimu mkuu mbele yetu, akiinua kikombe. "Mimi nikijaribu kupika chai inakuwa dawa ya minyoo." Walimu wote wakacheka. Mwanaume asiyejua kuchemsha maji akageuza ujinga wake kuwa sifa, na sifa hiyo ikawa kazi ya mtu mwingine. Watu husema fadhila za punda ni mateke. Sawa, lakini punda akifika huvuliwa mzigo.

Haja yake ilikuwa moja. Alitaka kwenda kozi ya ualimu wa daraja la juu, arudi afundishe darasa la nane, lile la mtihani, ambalo mwanamke hakuwa amelifundisha pale. Kwenda kozi kulihitaji inspekta wa shule akuone unafundisha. Inspekta alikuja kila mwaka, Mzungu mrefu mwenye soksi zilizofika magotini, na kila alipokuja alimkuta mwalimu wetu jikoni akipepea mkaa. Nani ampikie chai inspekta kama si yeye? Basi inspekta aliwaona wote wakifundisha isipokuwa yule aliyemtengenezea chai, akamshukuru sana kwa chai, akaondoka na gari lake. Mwalimu alikuwa akituambia, "Mwakani." Alilisema kama mtu anayezungumza habari za mvua.

Sasa niwasimulie habari ya ng'ombe mweusi, na ninyi mliotoka Bukoba na Tanga msidhani natunga. Uwanda wa kwetu ni wa Wabarabaig, wafugaji ambao watu wa mjini huwaita jina jingine wasilolipenda. Wanawake wao wana baraza lao. Mwanaume akimkosea mwanamke katika jambo la uzazi, au akimdhulumu mwanamke aliyetoka kujifungua, wanawake hukutana peke yao, humhukumu, na faini yake ni ng'ombe dume mweusi asiye na doa. Mwanaume haingii katika baraza hilo, hatetei, wala nyama yake haonji. Hata shujaa aliyeua simba hulipa.

Mwalimu wetu alijifungua mtoto wa kike. Akapewa ruhusa ya kupumzika, lakini nyumba yake ilikuwa pale pale nyuma ya jiko la shule, na wageni wa boma, wakubwa wa serikali ya wilaya, hawakungoja. Mvulana akatumwa: "Mwalimu mkuu anaomba, kama unaweza, ni chai ndogo tu." Chai ndogo! Akajifunga kanga, akachukua debe, akaenda kisimani. Aliyemwona ni bibi wa maziwa. Huyu alikuwa mama mzee wa Kibarabaig, mikono imejaa vikuku vya shaba, ambaye kila asubuhi alileta maziwa shuleni kwa punda wake. Mjukuu wake alikuwa bwenini, na alipougua surua mwalimu wetu ndiye aliyekesha naye. Bibi alimkuta njiani, debe kichwani, na damu ya uzazi bado haijakauka. Alisimama akamtazama. Akamgeuza punda na maziwa yake akarudi nayo nyumbani, na siku hiyo wageni wa boma walikunywa chai ya rangi.

Siku chache baadaye wakaja. Tulikuwa nje, mapumziko ya saa nne. Wanawake wengi, wazee kwa vijana, sketi zao za ngozi zikichapa miguuni, kila mmoja na fimbo, wakiimba wimbo ambao wavulana wa kwao walipousikia walitupa mpira wakakimbia. Mlinzi wa shule, mtu wao pia, aliacha rungu lake getini akapotelea kwenye mahindi. Baadaye tulimcheka, akatuambia, "Chekeni. Hilo si baraza la kutazamwa na mwanaume." Wakaketi chini kuzunguka mlingoti wa bendera kana kwamba ulisimikwa kwa ajili yao. Mwalimu mkuu akatoka na tabasamu lake la wageni. "Karibuni, akina mama. Kuna shida?" Kisha, na hili nililiona kwa macho yangu, akageuza shingo akamwita mwalimu wetu aliyekuwa mlangoni kwake na mtoto mgongoni: "Mwalimu, hebu wapatie wageni chai."

Naye akageuka kwenda jikoni! Mazoea ni kitu kibaya. Bibi wa maziwa akanyoosha fimbo yake ikaziba mlango wa jiko. "Wewe. Kaa chini."

"Bibi, naleta chai tu, mara moja."

"Kaa."

Akakaa. Pale pale kwenye kizingiti, magoti yamebanwa, mtoto akamhamishia kifuani. Nilikuwa nimemjua mwaka na zaidi na sikumbuki kumwona amekaa mchana kabla ya siku hiyo.

Bibi akamgeukia mwalimu mkuu. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni lakini hakikupotea njia. "Huyu amezaa. Wewe unamtuma maji."

"Bibi yangu, nakuheshimu. Lakini huyu si wa kabila lenu, na mimi si wa kabila lenu. Hii ni shule ya serikali."

"Maziwa anayonyonyesha ni ya kabila gani?"

Wanawake wakacheka kwa kupiga fimbo chini. Mwalimu mkuu akaanza kutoka jasho. "Sikumlazimisha. Niliomba. Muulizeni, niliomba vizuri."

"Mwizi wa vizuri ni mwizi," alisema mwanamke mwingine kutoka nyuma.

"Basi mnataka nini?"

"Dume. Mweusi."

"Mimi ni mwalimu, sina ng'ombe!"

"Mnadani wapo," bibi akasema, akainuka, wote wakainuka naye, wakaondoka wakiimba.

Mwalimu mkuu alicheka walipokwenda. Aliwaambia walimu kwamba mambo ya kishenzi hayo. Kesho yake hakuna maziwa, na madawati ya wavulana wa Kibarabaig yalikuwa matupu, wote wamechukuliwa na baba zao. Hapo akaacha kucheka, maana boma lilikuwa likimsumbua siku zote kwamba watoto wa wafugaji hawaji shuleni, na sasa wale wachache aliowapata wameondoka kwa sababu ya chai. Akaja dukani kwa baba kutaka ushauri. Nilikuwa nikipima sukari, nilisikia yote. "Lipa, mwalimu," baba akamwambia. "Mimi ni mtu wa kuja hapa kama wewe, nimefanya nao biashara tangu ujana. Kesi ya wanawake wale haina rufani." Mwalimu mkuu akasema, "Lakini nimekosa nini hasa?" Mama ndiye aliyejibu, kutoka ndani, nyuma ya pazia, huku akipepeta mchele: "Mtwishe mkeo debe la maji siku atakapojifungua, kisha uje uulize tena." Baba akakohoa kuficha kicheko.

Akanunua ng'ombe. Dume zuri, jeusi, isipokuwa chini ya tumbo palikuwa na doa jeupe kama kiganja. Sijui nani alimpa akili ile, lakini aliwatuma wavulana wakwangue masizi chini ya birika la shule, lile lile birika, wakayachanganya na mafuta, wakampaka ng'ombe tumbo. Wanawake walipokuja kumpokea, bibi wa maziwa alimzunguka polepole. Akainama. Akalowesha kidole kwa mate, akasugua, akakiinua kidole cheusi wote wakione. "Ng'ombe wako alikuwa jikoni?" aliuliza. "Naye alipika chai?" Nilidhani ukuta wa shule utaanguka kwa kicheko. Mwalimu wetu alicheka mpaka akafunika uso kwa kanga. Mwalimu mkuu akarudi mnadani. Wa pili hakuwa na doa. Wakamchukua, na neno la mwisho la bibi likawa hili: mpaka mtoto yule atembee mwenyewe, mwanaume yeyote wa shule ile asimtume mama yake maji wala moto.

Basi tukasoma. Sijui niwaelezeje miezi ile. Shamba la Nambis liligawanywa mpaka mwisho, kila mwana akapata fungu lake, na hata dada yao akapata, maana siku moja mwalimu alisema, "Leo tumgawie na huyu, tuone hesabu inakwenda vipi." Ilikwenda vizuri tu. Walimu wanaume walijaribu zamu ya chai. Mmoja aliunguza maziwa, mwingine hakuona sukari iliyokuwa mbele yake, mwisho wakaacha, na shule haikufa. Kumbe jiografia inafundishika bila chai ya saa nne.

Ndipo inspekta akaja. Akapewa maji kwenye glasi. Akakaa ofisini kidogo, hakuna birika la kumshika, akasimama akatembeatembea nje, akasikia sauti darasani kwetu, akaingia, akaketi dawati la nyuma na magoti yake marefu yakigusa kidevu. Mwalimu hakusita. Alimwita hata yeye: "Na mgeni wetu, fungu la tatu ni ngapi?" Mzungu akajibu, akakosea, tukamsahihisha kwa pamoja. Alipoondoka alisema mbele yetu sote, kwa Kiswahili chake kigumu, kwamba mwalimu huyu lazima aende kozi. Tulipiga madawati. Yeye aligeuka akafuta ubao ingawa haukuwa na kitu.

Hakwenda. Boma lilipouliza, mwalimu mkuu alijibu kwamba shule haiwezi kumwachia. Shule haiwezi bila yeye. Nani awatazame wasichana, nani awauguze wa bwenini, nani apokee wageni? Akaenda mwalimu mwingine, mwanaume aliyefika mwaka uliopita, ambaye kwa kuwa hakuna alilotumwa zaidi ya kufundisha, alionekana anaweza kukosekana. Isomeni tena sentensi hiyo, jamani. Alizuiwa na kazi ambazo hakuna aliyepata kuziita kazi. Siku ya kumshukuru zilikuwa moyo wake mwema. Siku ya kumpandisha ghafla zikawa nguzo ya shule. Nilimkuta jioni ile akifunga madirisha ya darasa, nikamsaidia. Akasema mwenyewe: "Ameniambia hawawezi bila mimi. Unajua, nilifurahi. Nilifurahi mpaka nilipofika mlangoni kwangu." Akasukuma dirisha la mwisho, likagoma, akalipiga kwa kiganja.

Mtoto naye, maskini, hakujua kesi. Akatembea. Siku alipotembea peke yake kutoka kwa mama yake hadi mlango wa ofisi, walimu walitoka wakapiga makofi. Sijui kama walimpigia mtoto. Wiki hiyo birika likarudi.

Mimi nikafaulu nikaja huku. Yeye akabaki. Masika haya wavulana wa bwenini waliugua kwa wingi, akawauguza, akafua mablanketi yao kwenye mvua kwa sababu dobi alikuwa ameacha kazi na hakuna aliyeuliza nani afue. Sisemi mablanketi ndiyo yaliyomuua. Dresa wa zahanati alisema kichomi, na kichomi humpata mtu yeyote. Nasema tu kwamba mwalimu wa zamu ya bwenini hakupata kichomi.

Baba alinipa nafasi kwenye lori, nikaenda na mama mpaka Mbulu, kisha kwa miguu hadi Nambis. Baridi ilikuwa kali, maharage yametoa maua, watu wamejaa mpaka kwenye matuta. Katekista akasali, mume wake akasimama na kofia mkononi, tukafukia. Majirani walikuwa wamepika, kila aliyetoka mbali alikula. Halafu mwalimu mkuu akasimama kwa niaba ya shule. Nilijipa moyo: sasa atataja. Alisema alikuwa mama wa wote. Alisema mgeni hakutoka pale na kiu. Alisema chai yake ilijulikana hadi Babati, na kwamba katika miaka yote hiyo hakuwahi kumsikia akisema hapana. Akatoa leso akajifuta, na naapa alikuwa analia kweli. Nilingoja. Hakutaja hesabu. Mwanamke alisimama mbele ya ubao mpaka chaki ikakaa kwenye mistari ya viganja vyake, akazikwa bila neno hilo moja. Na kuhusu hapana: aliomba kozi mwaka baada ya mwaka. Unadhani anayeomba kuondoka jikoni anasema nini?

Alipomaliza akaketi na wakubwa wengine kwenye viti vilivyoazimwa, watu wa ofisi na walimu wenzake. Mbele yao meza ndogo, na kwenye mafiga hatua chache tu kutoka hapo birika linachemka. Akatutazama sisi wasichana tuliopita mikononi mwa marehemu, tumeketi nyasini, akasema kwa upole wake ule ule: "Haya, mabinti zake, mama yenu angekuwepo tusingeomba." Sikuinuka. Ningependa kusema ulikuwa ujasiri, lakini niliendelea tu kung'oa nyasi. Wenzangu wakanitazama, nao wasiinuke. Na hapo, jamani, aliyeinuka ni mama wa marehemu. Bibi kizee, ametoka kumzika mwanawe, mjukuu yule yule wa kesi amelala mgongoni, anajishika kiuno, anakwenda kwenye birika kwa sababu wanaume wazima wana kiu na birika liko mbele yao.

Sauti iliyotoka sikujua ni yangu. "Kaa, bibi."

Watu wote wakageuka. Mama akanishika mkono, nikadhani ananikanya, lakini hakuubana. "Bibi, tafadhali. Kaa chini." Kisha nikamtazama mwalimu mkuu, niliyempa shikamoo kila asubuhi kwa miaka, nikasema, huku naona aibu mpaka masikioni: "Shikamoo, mwalimu. Birika ni hilo hapo. Na alikuwa anafundisha hesabu."

Mwalimu wa jiografia alitazama viatu vyake. Bibi kizee akasimama kidogo katikati, kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda, kisha akarudi akaketi kwenye ngozi yake. Mwalimu mkuu akainuka. Akashika mpini wa birika bila kitambaa, akauachia, akautafutia leso ile ile aliyolilia, akamimina. Nusu ikaingia kikombeni.

Niliporudi Katesh nilimkuta bibi wa maziwa nje ya duka, anamfungua punda mizigo. Nikampa shikamoo, nikamwambia habari za mazishi. Alimsugua punda shingo. Halafu akauliza swali moja: "Nani alimimina chai?"

"Mwalimu mkuu. Mwenyewe."

"Alimwaga?"

"Alimwaga, bibi."

Akatikisa kichwa, akachukua kibuyu chake, akaingia dukani kuuza maziwa.

Siku hizi kila mkutano ninaousikia una maneno ya kujitawala, na mimi nayapenda maneno hayo, moyo hunienda mbio nikiyasikia. Lakini likizo hii nilipita nyuma ya nyumba ulikofanyika mkutano mmoja, nikawakuta wanawake wa mtaa wetu jikoni, macho mekundu kwa moshi, wanawapikia wasemaji. Nikauliza mkutano umeamua nini. "Hatujasikia, mwanangu," mmoja akanijibu, "birika linapiga kelele." Sina uhakika tutajitawala namna gani ikiwa nusu yetu tutaletewa habari zake na watu wanaorudisha vikombe.

Wenzangu, wengi wetu tutakuwa walimu, wauguzi, makarani, mmoja mmoja katikati ya wanaume wapole. Hawatatupiga. Watatusifu mikono. Na siku utakapotaka kusonga mbele watakuambia kwa machozi kwamba hawawezi bila wewe. Usishukuru haraka. Waulize: hamwezi nini? Wakitaja hesabu, baki ufundishe. Wakitaja birika, kaa chini.